Msiba Usio na Matanga: Kiwewe, Kujidhuru na Kupona katika Riwaya ya Rosa Mistika kwa Mtazamo wa Mapokeo ya Maombolezo ya Wanyakyusa wa Kyela

Ikisiri

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, imezoeleka kuchambuliwa kama riwaya ya malezi na maadili. Makala haya yanafafanua namna riwaya hiyo inavyoweza kusomwa kama simulizi ya jeraha la nafsi ambalo halikupata mahali pa kuombolezwa. Ili kulifafanua jambo hilo, makala yanatumia mapokeo ya maombolezo ya Wanyakyusa wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kama yalivyoandikwa na Godfrey Wilson na Monica Wilson baada ya utafiti wao wa miaka ya 1934 hadi 1938. Hoja kuu ni kwamba mapokeo hayo yalijua fika kuwa uchungu usiotolewa hadharani huweza kumharibu mtu akili, lakini yaliandaliwa kwa ajili ya msiba unaojulikana na wote. Jeraha la Rosa ni la siri. Kwa hiyo halina matanga. Makala yanahitimisha kwa kueleza wajibu wa mwalimu wa fasihi anayeifundisha riwaya ya namna hii kwa vijana.

Maneno muhimu: kiwewe, kujidhuru, kupona, maombolezo, Wanyakyusa, Rosa Mistika

1.0 Utangulizi

Fasihi ya vijana duniani imezalisha katika miongo ya karibuni riwaya nyingi zinazomweka katikati kijana aliyejeruhiwa, anayejidhuru, na anayetafuta njia ya kurudi katika uhai wa kawaida. Nchini Marekani, kwa mfano, Laurie Halse Anderson alichapisha Speak mwaka 1999, riwaya inayomhusu msichana wa sekondari anayenyamaza baada ya kubakwa. Mwaka 2016 Kathleen Glasgow alichapisha Girl in Pieces, inayomhusu msichana wa miaka 17 anayejijeruhi mwili na kupitia safari ndefu ya kupona. Katika riwaya hizo mbili mhusika mkuu anabaki hai, na kubaki kwake hai ndiko kunakobeba ujumbe.

Fasihi ya Kiswahili iliifikia mada hii mapema zaidi kuliko inavyosemwa. Mwaka 1971 Kezilahabi, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1944 huko Ukerewe, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ambayo mhusika wake mkuu ni binti anayepigwa na baba yake, anayetumiwa na wanaume, anayeugeuza mwili wake kuwa adui, na ambaye mwishowe anajiua. Miaka mitatu baadaye, katika Kichwamaji (1974), mwandishi huyohuyo alimwonesha kijana msomi, Kazimoto, akifikia mwisho kama huo. Tofauti na riwaya za Marekani zilizotajwa, riwaya hizi hazimpi kijana nafasi ya kupona. Swali linalozaliwa hapa ni hili: je, kukosekana kwa kupona ni kukosekana kwa mada ya kupona?

Makala haya yanajibu kwamba sivyo. Riwaya inaweza kufundisha kuhusu kupona kwa kuonesha, hatua kwa hatua, vitu vilivyokosekana. Ili kuvitambua vitu hivyo, msomaji anahitaji kuwa na picha ya jamii inayojua kuponya uchungu. Picha hiyo inapatikana katika maandishi kuhusu Wanyakyusa, ambao maombolezo yao ni miongoni mwa yaliyoandikwa kwa kina zaidi Afrika Mashariki. Ufafanuzi huu ni wa maktabani: unatumia matini ya riwaya na maandishi ya kiethnografia, wala hauhusishi usaili wa watu.

2.0 Ufafanuzi wa dhana

Neno kiwewe katika Kiswahili cha kila siku humaanisha hali ya kuduwaa na kupotewa na fikra kwa sababu ya mshtuko. Katika uhakiki wa fasihi neno hilo limepanuliwa na kumaanisha jeraha la nafsi linalotokana na tukio ambalo mtu hakuweza kulikabili lilipotokea, na ambalo kwa sababu hiyo huendelea kumrudia. Cathy Caruth, katika kitabu chake cha mwaka 1996, Unclaimed Experience, alieleza kuwa tukio la namna hiyo halikufahamika kikamilifu wakati wake. Hufahamika baadaye, kwa kujirudia.

Kujidhuru ni tendo la makusudi la mtu kuumiza mwili wake au maslahi ya mwili wake. Makala haya yanaichukua dhana hii kwa upana wake. Kijana anaweza kujidhuru bila kujijeruhi ngozi: anaweza kuuacha mwili wake utumiwe na yeyote, kuunyima chakula, au kuuweka katika hatari akijua fika. Kinachounganisha matendo hayo ni kwamba mtu aliyeumizwa na mwingine huendeleza kazi ya kuumiza kwa mikono yake mwenyewe.

Kupona, kwa mujibu wa Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyechapisha Trauma and Recovery mwaka 1992, hupitia hatua tatu. Ya kwanza ni kupata usalama. Ya pili ni kukumbuka na kuomboleza, yaani kulisimulia tukio mbele ya msikilizaji na kukililia kilichopotea. Ya tatu ni kuunganishwa upya na watu. Hatua hizi hazifuatani kwa unyoofu kila mara, lakini hakuna inayoweza kurukwa. Hatua ya pili ndiyo inayotuleta Kyela, kwa kuwa inaliweka neno kuomboleza katikati ya tiba.

3.0 Mapokeo ya maombolezo katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa

3.1 Mahali na watu

Wilaya ya Kyela, iliyokuwa sehemu ya Rungwe hadi mwaka 1972, iko kusini kabisa mwa Mkoa wa Mbeya. Ni nchi tambarare yenye joto na maji mengi, inayolima mpunga na kakao, ikipitiwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayomwaga maji yake ziwani. Mto Songwe ni mpaka na Malawi. Upande wa mashariki, nyuma ya Matema, Milima ya Livingstone inasimama kama ukuta juu ya maji. Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, hivi kwamba Godfrey na Monica Wilson walipofanya utafiti wao, Ukristo ulikuwa na zaidi ya miaka 40 katika nchi hiyo. Waliyoyaandika yalikuwa tayari mapokeo yanayobadilika.

3.2 Msiba kama kinga dhidi ya wazimu

Godfrey Wilson alichapisha mwaka 1939 maelezo ya desturi za maziko ya Wanyakyusa. Anaeleza jinsi wanawake walivyojaa ndani ya nyumba ya msiba wakilia na kuuzunguka mwili, huku wanaume wakiwa nje wakicheza ngoma ya vita. Kilio na ngoma vilikwenda pamoja. Hakuna aliyeachwa alie peke yake, na hakuna aliyekatazwa kulia.

Monica Wilson, katika makala yake ya mwaka 1954 na katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu miviga ya ukoo, alikwenda mbali zaidi kwa kueleza yaliyofuata baada ya maziko. Ndugu wa karibu wa marehemu walitengwa ndani ya nyumba na kulala juu ya majani ya migomba. Katika hatua mojawapo walifagiliwa takataka juu yao na kutenda kama watu waliorukwa na akili. Baadaye walioga mtoni, wakanyolewa, na kurudishwa katika maisha ya kawaida. Wanyakyusa wenyewe walimweleza sababu: asiyefanyiwa mviga huo angeweza kupatwa na wazimu kweli. Kwa kuukaribisha wazimu kwa muda maalumu, mbele ya watu, chini ya uangalizi, walijikinga nao.

Maelezo hayo yana nadharia kamili ya afya ya akili ndani yake. Yanakiri kwamba uchungu una nguvu ya kuivunja akili ya mtu mzima. Yanakiri pia kwamba nguvu hiyo haiondolewi kwa kunyamaza. Aliyefiwa hupewa mahali, muda, watu na mwisho. Ukilinganisha na hatua za Herman, utaona kuwa nyumba ya msiba ni usalama, kilio na takataka ni maombolezo, na mto pamoja na kunyolewa ni kuunganishwa upya na jamii.

3.3 Ushirika na pumzi ya watu

Dhana nyingine mbili za Kinyakyusa zinahitajika kabla ya kuiendea riwaya. Ya kwanza ni ukwangala, yaani kufurahia ushirika wa watu unaolingana nao: kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza. Monica Wilson aliiona dhana hii kuwa msingi wa jamii hiyo, na ndiyo iliyokipa jina kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company. Ushirika huo ulikuwa na makazi. Wavulana walipofikia umri wa miaka 10 au 11 hivi walianza kijiji chao wenyewe, ambacho kingekua nao hadi uzee. Msichana hakuwa na kijiji cha rika lake. Alipovunja ungo alitengwa kwa muda pamoja na wasichana wenzake, lakini mwisho wa yote alihamia katika kijiji cha rika la mumewe.

Dhana ya pili ni pumzi ya watu, ambayo Wilson aliiandika kwa Kinyakyusa kama embepo sya bandu. Iliaminika kuwa manung'uniko ya majirani waliokasirishwa na mkosaji humfikia kama ubaridi na kumletea ugonjwa. Kwa hiyo jamii ileile iliyomzunguka mfiwa ili asipatwe na wazimu iliweza pia, kwa pumzi yake, kumfanya mtu augue. Pumzi hiyo ilikuwa na kazi ya kulinda haki, kwa kuwa hata mkuu aliiogopa. Hata hivyo, ilihitaji watu wawe wamefahamu ukweli kabla ya kunung'unika. Ikiwa wanachokifahamu ni nusu ya habari, pumzi humwendea aliyejeruhiwa badala ya aliyejeruhi.

4.0 Jeraha la Rosa

Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Zakaria amezama katika ulevi, na mzigo wa kuitunza familia umemwangukia Regina. Tukio linalofungua jeraha ni dogo kwa mtazamo wa nje: baba anaipata barua ambayo Charles, kijana wa kijijini, amemwandikia Rosa. Kwa barua hiyo Rosa anapigwa vibaya na baba yake.

Uhakiki wa kimalezi umelichukua tukio hili kama mfano wa ukali uliopindukia, na hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kipigo hicho kinafanya jambo la ziada. Kinamfundisha Rosa kwamba kupendwa ni kosa, na kwamba neno lililoandikwa kwa ajili yake ni ushahidi dhidi yake. Tangu hapo anawaogopa wanaume wote bila kuwatofautisha. Anapofika shule ya sekondari ya wasichana ya Rosary, Mwanza, woga huo unaonekana kwa wengine kama uadilifu. Anasifiwa kwa dalili ya ugonjwa. Hakuna anayeuliza binti huyu ameona nini nyumbani.

Jeraha la pili linatoka kwa Deogratias, Bwana Maendeleo, mwanamume mwenye cheo. Uhusiano wao hauna usawa tangu mwanzo, na Rosa, ambaye hakuwahi kufundishwa tofauti kati ya kupendwa na kutumiwa, hana kipimo cha kumpimia mwanamume huyo. Hapa ndipo kauli ya Caruth inapopata mfano: tukio la kwanza, ambalo halikueleweka, linarudi kwa sura nyingine. Baba alimwadhibu kwa sababu ya mwanamume. Sasa mwanamume anathibitisha adhabu ile.

Jambo la kuzingatia ni kwamba majeraha yote mawili yanatokea mahali ambapo hapana shahidi mwenye uwezo wa kusema. Regina anajua kuhusu kipigo, lakini naye anaishi chini ya mkono uleule. Walimu hawajui. Rika la Rosa shuleni lina maneno ya mzaha kuhusu wanaume, ila halina maneno ya kuzungumzia woga. Kwa lugha ya Kinyakyusa tungesema kuwa Rosa amezungukwa na wasichana lakini hana ukwangala.

5.0 Kujidhuru: mwili uliogeuzwa adui

Baada ya Deogratias, Rosa anabadilika. Kutoka katika kuwaogopa wanaume wote anaingia katika kujitoa kwa wanaume wengi, na hali hiyo inaendelea hadi katika chuo cha ualimu cha Morogoro. Mimba inaingia, na mimba inatolewa. Sehemu hii ya riwaya ndiyo iliyowashtua wengi. Riwaya ilizuiwa kwa muda kutumika shuleni. Wahakiki wengi wamemwita Rosa mwanamke aliyeharibika.

Neno kuharibika lina utata ambao Kiswahili kinautunza vizuri: kitu kinaweza kuharibika chenyewe, na kinaweza kuharibiwa. Ukisoma sura za Morogoro kwa makini, hukuti furaha. Rosa hatafuti starehe. Anafanya jambo lililo karibu na adhabu. Mwili uliopigwa kwa sababu ya barua sasa unatupwa na mwenyewe, kana kwamba anasema kuwa kisichokuwa na thamani hakihitaji kulindwa. Kusoma hivi hakuondoi uwajibikaji wa mhusika kwa matendo yake. Kunabadilisha swali tunalomuuliza, kutoka kwa nini ana tabia mbaya, hadi nani alianza kazi hii anayoiendeleza.

Hali halisi nje ya riwaya inaonesha kuwa swali hilo si la kinadharia tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania uliofanyika mwaka 2009 na kuchapishwa mwaka 2011 ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamepitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakupata huduma yoyote, na idadi kubwa hawakumwambia mtu. Darasa la wanafunzi 40 wanaoisoma Rosa Mistika, liwe Kyela au kwingineko, huenda lina wasomaji ambao habari ya Rosa kwao si hadithi ya mtu mwingine.

Wavulana nao wamo. Kazimoto wa Kichwamaji ana elimu ya chuo kikuu na marafiki wa kuzungumza nao, lakini chuki yake dhidi ya Manase, aliyemharibia dada yake Rukia, anaibeba kifuani kama siri. Anayaweza mazungumzo ya falsafa na hayawezi mazungumzo ya msiba. Ufasaha wa maneno, kwa hiyo, hauwezi kuchukua nafasi ya maombolezo.

6.0 Kupona kulikokaribia

Ni rahisi kusahau kwamba Rosa anajaribu kupona. Anaporudi nyumbani anajaribu kuishi upya, na Charles, yule wa barua, anarudi katika maisha yake. Kwa kipimo cha Herman, hatua ya kwanza, usalama, imeanza kupatikana, na hatua ya tatu, kuunganishwa na mtu, inaelekea kutimia kwa njia ya ndoa. Kinachokosekana ni hatua ya kati. Hakuna wakati ambapo Rosa anapewa nafasi ya kusimulia yaliyompata kwa msikilizaji asiyekuwa hakimu, wala kuililia hadharani ile sehemu ya maisha yake iliyopotea.

Kwa sababu hiyo, Charles anapofahamu kuwa Rosa si bikira, habari inamfikia kama shtaka. Anavunja uhusiano, na Rosa anajiua. Hapa riwaya inaonesha kwa ukali jinsi pumzi ya watu inavyofanya kazi inapokuwa na nusu ya habari. Sifa mbaya ya Rosa inajulikana. Kipigo cha Zakaria na hila za Bwana Maendeleo hazimo katika hesabu. Jamii inamnung'unikia mtu mmoja kati ya watatu.

Katika sehemu ya mwisho, baada ya kifo, Kezilahabi anawapeleka Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, na huko wanabishana nani mwenye hatia. Wahakiki wamejadili sehemu hiyo kwa upande wa dini na falsafa. Kwa mtazamo wa makala haya, ni hatua ya pili ya kupona iliyochelewa. Kwa mara ya kwanza Rosa anamwambia baba yake, mbele ya shahidi, alichomtendea. Mwandishi hakupata mahali popote duniani, si nyumbani, si shuleni, si kanisani, ambapo mazungumzo hayo yangeweza kufanyika, akalazimika kuyaweka mbinguni. Huo ndio ukosoaji mkali kuliko wote ulioko katika riwaya.

Je, Rosa angezaliwa Ipinda au Matema, mapokeo ya Wanyakyusa yangemwokoa? Jibu la uaminifu ni kwamba yasingetosha. Mviga wa msiba ulihitaji kifo kinachojulikana, maiti iliyolazwa, na ukoo ulioitwa. Binti aliyepigwa na baba yake au aliyetumiwa na mwenye cheo hana maiti ya kuonesha. Aliyekufa ni yule binti aliyekuwa kabla, na hakuna aliyepigiwa yowe. Aidha, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 3.3, msichana hakuwa na kijiji cha rika ambamo siri ingegeuka mazungumzo. Mapokeo yalikuwa na dawa. Hayakuwa na mlango wa kumwingiza mgonjwa wa aina hii. Kinachoweza kurithiwa kutoka kwayo ni kanuni iliyomo ndani ya desturi: uchungu upewe mahali, muda, watu na mwisho.

7.0 Wajibu wa mwalimu wa fasihi

Riwaya hufanya jambo moja ambalo msiba wa jadi haukuweza kulifanya. Huliweka jeraha la siri mbele ya watu wote bila kumtaja mwenye jeraha. Darasa linapomsoma Rosa, wanafunzi wanakaa pamoja kwenye msiba wa binti asiyekuwepo, na aliye na uchungu wake anaweza kulia kwa jina la mwingine. Hata hivyo, kwa kuwa riwaya inaishia katika kifo, mwalimu akiiacha hapo anaweza kuwaachia wanafunzi fikra kwamba kifo ni jibu. Mambo matano yanapendekezwa.

Kwanza, wanafunzi waambiwe mapema kuwa riwaya inahusu kipigo, unyanyasaji na kujiua, na waelezwe nani wa kumwendea iwapo usomaji utawagusa. Pili, mwalimu asimtake mwanafunzi kusimulia maisha yake mbele ya darasa. Mjadala ubaki kwa Rosa, na siri ya mwanafunzi ipate mahali pa faragha. Tatu, badala ya swali la mtihani lililozoeleka, kama vile nani alaumiwe kwa kuharibika kwa Rosa, wanafunzi waulizwe katika kila sura: nani alijua, nani angeweza kuuliza, na kwa nini hakuuliza? Nne, wapewe zoezi la kuandika barua ambayo mtu mmojawapo angemwandikia Rosa aliporudi nyumbani. Riwaya ilianza kumjeruhi kwa barua. Si vibaya darasa likajifunza kuandika ya pili. Tano, njia ya kumkimu kifo isijadiliwe kwa undani wala kupambwa. Umakini uelekezwe kwenye siku zilizotangulia, ambapo msaada ulikuwa bado unawezekana.

Mwalimu si tabibu, na kusoma si matibabu. Kazi yake ni kuwa mlango. Anapaswa kujua walipo mwalimu wa ushauri na unasihi, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hospitali iliyo karibu, na namba 116 ambayo mtoto nchini Tanzania anaweza kuipigia simu kuomba msaada.

Sheria nayo inahitaji kutazamwa, kwa sababu inaweza kuufunga mlango huo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, kifungu cha 226 chenye maudhui kama hayo kilitamkwa na Mahakama Kuu, tarehe 9 Januari 2025, kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Kijana anayejua kwamba kukiri uchungu wake kunaweza kumfikisha polisi kama mshtakiwa ana sababu ya kunyamaza, na kunyamaza ndiko kulikomwua Rosa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na kwamba katika kundi la miaka 15 hadi 29 kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kuwa Rosa Mistika ni riwaya ya kiwewe na kujidhuru, na kwamba mada ya kupona imo ndani yake kwa njia ya upungufu. Rosa anapata kiasi fulani cha usalama na anakaribia kuunganishwa na watu, lakini hapati mahali pa kuomboleza. Mapokeo ya Wanyakyusa yametusaidia kuupa upungufu huo jina. Watu wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa walifahamu, muda mrefu kabla ya vitabu vya saikolojia kuwafikia, kwamba mfiwa akiachwa peke yake na uchungu wake akili yake imo hatarini. Walichokosa ni njia ya kumtambua mfiwa ambaye msiba wake hauonekani.

Tafiti zijazo zinaweza kuchunguza namna wanafunzi wa sekondari wa Kyela wanavyoipokea riwaya hii, na namna misiba ya sasa, yenye nyimbo za kanisa na michango ya majirani, inavyotunza au kupoteza kanuni ya zamani ya kutomwacha mfiwa peke yake. Zinaweza pia kudai riwaya mpya za Kiswahili kwa vijana, ambamo binti kama Rosa anamwambia mtu ukweli angali hai, na mtu huyo anaketi naye hadi amalize kusema.